Hesabu sio ya wenye vichwa tu: namna ya kufundisha mpaka mtoto wa dawati la nyuma aelewe

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022 hapa Tanzania, somo la Hisabati waliofaulu walikuwa kama asilimia 20. Yaani ukichukua wanafunzi watano, wanne wamefeli somo walilosoma tangu darasa la kwanza, miaka kumi na moja, wakati kwenye Kiswahili mwaka huo huo waliofaulu ni zaidi ya asilimia 90. Kila mwaka matokeo yakitoka tunaongea wiki moja halafu tunasahau, na maelezo tunayopeana ni yale yale, watoto wa siku hizi wavivu simu zimewaharibu, au hesabu zina wenyewe, ukizaliwa huna kichwa cha hesabu basi huna.

Mi nafundisha madarasa ya chini na sikubaliani na maelezo yote mawili. Mtoto anayefeli kidato cha nne hakufelia pale, alianza kuachwa darasa la pili au la tatu, kuna siku somo lilipita hakulishika, kesho yake mwalimu akaendelea na linalofuata, na hilo linalofuata lilikuwa linasimama juu ya lile alilolikosa. Ni kama mtu anaanza kuangalia tamthilia sehemu ya 40, anaona watu wanalia hajui kwa nini, na hakuna anayemrudisha nyuma. Historia unaweza kukosa mada ya ukoloni ukaja kuelewa mada nyingine vizuri tu. Hesabu haiko hivo, mtoto asiyejua kwamba 43 ni makumi manne na mamoja matatu hawezi kutoa kwa kukopa, asiyeweza kutoa hawezi kugawanya, asiyeweza kugawanya utamwambia nini kuhusu sehemu na asilimia?

Kwa hiyo ukiniuliza njia bora ya kufundisha hesabu nitakwambia kabla ya njia yoyote kuna swali moja, huyu mtoto yuko wapi sasa hivi? Sio yuko darasa la ngapi. Kinachonisikitisha ni kwamba mfumo wetu karibu wote umejengwa kumfuata mwalimu na silabasi, kitabu kimefika ukurasa fulani, mada zimalizike kabla ya mtihani, na mkaguzi akija anaangalia andalio la somo na kama umeenda sambamba na azimio la kazi. Hakuna anayekuuliza watoto wangapi wamekuja na wewe.

Kuna utafiti ulifanyika Kenya magharibi, maeneo ya Busia, miaka ya tisini mwishoni, ambao kila mtu anayeongelea elimu angetakiwa aujue. Shule zilipewa vitabu vya kiada bure, watu wakategemea matokeo yatapanda kote. Hayakupanda kote, waliofaidika ni wale watoto waliokuwa tayari wanafanya vizuri, wengine vitabu havikuwasogeza kwa sababu viliandikwa kwa Kiingereza na kwa kiwango kilichowazidi. Na hapa Tanzania ukafanyika utafiti mwingine mkubwa kwenye shule 350, baadhi ya shule zilipewa ruzuku tu na ruzuku peke yake haikuongeza kujifunza, mabadiliko ya wazi yalionekana pale pesa ilipoenda pamoja na motisha kwa walimu kulingana na watoto walivyojifunza. Sisemi vitabu havina maana, jamani vitabu vinahitajika sana, ila kitabu kinamfaa anayeweza kukisoma.

Sasa tuje kwenye kilichofanya kazi. India kuna shirika linaitwa Pratham, lilianza Mumbai miaka ya tisini, na tangu 2005 wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba vijijini kupima watoto, huo upimaji ndo uliozaa mradi wa Uwezo wa huku kwetu Kenya, Tanzania na Uganda. Kipimo chao cha hesabu ni karatasi moja tu. Mtoto mmoja mmoja anakaa na mtu mzima anaulizwa kwa mdomo, unazijua namba 1 mpaka 9? Unazijua za tarakimu mbili? Unaweza kutoa namba za tarakimu mbili kwa kukopa? Unaweza kugawanya namba ya tarakimu tatu kwa namba ya tarakimu moja? Dakika chache umeshajua mtoto alipokwama. Huku kwetu Uwezo walipopima kwa maswali ya kiwango cha darasa la pili walikuta watoto wengi wa darasa la tatu na la nne hawayawezi, na hao wote walikuwa shuleni, wameandikwa kwenye rejista, wana daftari zimejaa kazi walizonakili ubaoni.

Pratham wakishapima wanachofanya ni rahisi kueleza ingawa kukifanya kunahitaji moyo. Kwa saa moja au mbili kwa siku, watoto wa darasa la tatu, la nne na la tano wanapangwa upya bila kuangalia darasa, asiyejua tarakimu mbili anakaa na wenzake wa kiwango hicho hata kama mmoja ni wa la tano, wanafundishwa kuanzia pale walipo kwa vijiti, noti za kuchezea, chati ya 1 mpaka 100, michezo na mazungumzo, na kila baada ya muda wanapimwa tena aliyesogea anahamia kundi la juu. Njia hii imepimwa na watafiti kwa miaka mingi, kati yao Abhijit Banerjee na Esther Duflo ambao mwaka 2019 walipata Nobel ya uchumi pamoja na Michael Kremer, na sehemu kubwa ya kazi iliyowapa heshima hiyo ilikuwa ni kujaribu mambo kama haya mashuleni, India na Kenya. Zambia wameipeleka kwenye shule nyingi sana za serikali kwa jina la Catch Up.

Duflo na Kremer na mwenzao Pascaline Dupas walifanya jambo linalofanana na hilo Bungoma na Butere-Mumias, huko huko Kenya magharibi, kuanzia 2005. Shule 121 zilizokuwa na darasa la kwanza moja lililojaa zilipewa mwalimu wa ziada ili darasa ligawanywe mara mbili, nusu ya shule zikagawanya watoto bila mpangilio na nusu nyingine zikagawanya kwa kuangalia nani yuko mbele na nani yuko nyuma. Wengi tungetegemea watoto waliowekwa kundi la nyuma wadidimie. Haikuwa hivo, walijifunza zaidi kuliko watoto kama wao waliochanganywa, na wa kundi la mbele nao walijifunza zaidi, na faida ilikuwa bado ipo mwaka mmoja baada ya mradi kuisha. Sababu ni kwamba mwalimu akiwa na watoto wanaokaribiana anaweza kufundisha kitu kinachowafaa wengi wao, lakini akiwa na mchanganyiko mkubwa anaangukia kufundisha wale wa mbele kwa sababu ndo wanaonyoosha mikono.

Hapo niweke angalizo maana najua kuna wakuu wa shule watasoma hii na kesho wanatengeneza mkondo A wa vipanga na mkondo C wa vilaza. Hapana, sio hiyo. Mikondo ya kudumu ninayoijua mimi ina tabia ya kumpeleka mwalimu hodari A, na C inapewa yeyote aliyebaki, watoto wenyewe wanajua wamewekwa wapi na wanaacha kujaribu. Pale Bungoma walimu waligawiwa makundi kwa bahati nasibu, na ile ya India makundi ni ya saa moja au mbili tu na yanabadilika kila baada ya muda. Kundi ambalo mtoto hawezi kutoka ni adhabu.

Mwalimu mwenye watoto 90 chumba kimoja atasema hayo ni ya wenzetu, mi mwenyewe nimeshasema hivyo. Lakini hata darasa la 90 unaweza kupata dakika 30 mara tatu kwa wiki, ukapanga makundi matatu, kundi moja liko na wewe chini na vijiti, la pili linacheza mchezo wa namba wawili wawili, la tatu linafanya kazi ya kuandika, kesho mnazungusha. Kumpima mtoto mmoja mmoja kwa mdomo ukichukua watoto sita kila siku wakati wengine wanafanya zoezi, ndani ya wiki tatu umemaliza darasa zima. Na walimu wa madarasa ya jirani mkikubaliana kufundisha hesabu kwa wakati mmoja wote, la tatu, la nne na la tano, mnaweza kubadilishana watoto bila gharama yoyote.

Tukishajua mtoto yuko wapi swali linakuwa tunamfundishaje, na hapa napenda nianzie sokoni kwa sababu ndo penye jibu la hii habari ya vichwa. Mwaka 1985 watafiti watatu wa Brazil, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha utafiti wao juu ya watoto wanaouza vitu mtaani mji wa Recife. Walienda kama wateja wa kawaida wakanunua nazi na vitu vingine wakawa wanauliza maswali ya bei na chenji. Watoto walipatia asilimia 98. Baadae wakawakalisha watoto wale wale wakawapa hesabu zile zile, zilipokuwa za mafumbo walipatia kama asilimia 74, zilipoandikwa kama za shule, namba juu ya namba na alama, wakapatia asilimia 37. Watoto wale wale, namba zile zile! Kuna mmoja wa miaka 12 aliulizwa nazi kumi ni bei gani na moja ni cruzeiro 35, hakuweka sifuri pembeni kama tunavyofundisha, aliunganisha, nazi tatu ni 105, ongeza tatu ni 210, akaendelea hivo hivo mpaka 350. Anajua kabisa kuzidisha ni nini, asichokijua ni ile desturi ya kuandika ya darasani na hajaambiwa inahusiana vipi na anachokifanya kichwani.

Watoto wetu wako hivo hivo. Mpe mtoto wa darasa la nne 5000 kutoa 3700 ubaoni, utakuta wengi wanaandika 2700, maana sifuri kutoa saba haiwezekani basi anageuza saba kutoa sifuri anaandika saba, halafu tano kutoa tatu mbili, anakuletea daftari usahihishe. Mtoto huyo huyo mtume kwa Mangi na noti ya elfu tano akanunue kitu cha 3700, jaribu kumrudishia chenji ya 2700 uone kama hatashangaa. Mwenye duka mwenyewe hakopi wala haandiki popote, anahesabu kwenda mbele, 3700, anaweka mia tatu mezani anasema elfu nne, anaweka elfu moja anasema elfu tano, chenji yako hiyo 1300. Hiyo ni hisabati halali kabisa na ni njia nzuri ya kutoa, hasa namba zenye masifuri mengi ambazo ndo zinaua watoto kwenye kukopa.

Lakini tusikimbilie kusema basi watoto wajifunzie sokoni inatosha. Mwaka 2025 ulitoka utafiti mwingine, tena Banerjee na Duflo wamo, walipima watoto zaidi ya 1,400 wanaofanya kazi masoko ya Kolkata na Delhi, wakakuta mambo yale yale, sokoni wanafanya hesabu ngumu bila kalamu ila hesabu nyepesi za shule zinawashinda. Wakawapima na watoto wa shule wasiofanya biashara, hao wakawa kinyume chake, za karatasi wanaweza lakini hesabu ya dukani inawababaisha. Maana yake ujuzi hauvuki wenyewe kutoka upande mmoja kwenda mwingine, lazima mtu auvushe, na huyo mtu ni mwalimu. Mtoto akifanya hesabu ya chenji kwa njia yake mwambie aeleze, andika ubaoni alichosema hatua kwa hatua kwa alama za hisabati, weka pembeni njia ya kitabu, waulize darasa zinafanana wapi. Hapo ndo alama zinaanza kuwa na maana.

Hiyo safari ya kutoka kwenye vitu mpaka kwenye alama ina historia yake. Mwanasaikolojia Jerome Bruner wa Marekani aliandika miaka ya sitini kwamba watu tunashika wazo kwa kulitenda, kisha kwa picha, kisha kwa alama. Singapore wakalichukua miaka ya themanini wakalifanya ndo uti wa mgongo wa ufundishaji wao wa hisabati shule za msingi, vitu vya kushika, halafu mchoro, halafu namba, na leo Singapore inaongoza duniani kwenye mitihani ya kimataifa ya TIMSS, mwaka 2023 walishika namba moja darasa la 4 na la 8. Tukikosea huku kwetu mara nyingi tunakosea kwenye hatua ya katikati. Vijiti darasa la kwanza tunavyo, vizibo vya soda tunavyo, halafu siku moja tunaviondoa vyote tunaruka kwenda kwenye alama tupu.

Chukua makumi na mamoja. Mtoto anafunga vijiti kumi kumi kwa kamba ya mgomba au raba, 43 ni mafungu manne na vijiti vitatu. Ukimwambia atoe 17 atakuta vijiti vitatu havitoshi kutoa saba, atafanya nini? Atafungua fungu moja. Hajafundishwa kukopa, amefungua fungu mwenyewe kwa sababu hakuna njia nyingine, sasa ana mafungu matatu na vijiti 13. Wiki inayofuata anachora, mistari mirefu kwa mafungu na nukta kwa vijiti, anazungushia na kukata. Ndipo unaandika 43 kutoa 17 kwa kusimamisha, na ile 4 iliyokatwa ikawa 3 anajua imetoka wapi. Pesa nazo zinafaa sana hapa, sarafu kumi za mia ni noti ya elfu, noti kumi za elfu ni noti ya elfu kumi, watoto wanachenji wenyewe kwa wenyewe na vikaratasi walivyokata.

Mchoro unasaidia mpaka madarasa ya juu kwenye mafumbo. Neema na Baraka wana maembe 24, Neema ana mara tatu ya Baraka, kila mmoja ana mangapi? Mtoto akiona 24 na tatu anagawanya anapata 8, anaweka kalamu chini. Mchoree kiboksi kimoja cha Baraka, chini yake viboksi vitatu vya Neema, jumla viboksi vinne ndo 24, basi kimoja ni 6, Baraka 6 Neema 18. Singapore wanatumia viboksi hivi miaka yote ya shule ya msingi na mtoto akifika kwenye aljebra anakuta kile kiboksi ndo x.

Sehemu, hizi zinahitaji uvumilivu wa kipekee. Watoto wengi wanaamini 1/8 ni kubwa kuliko 1/4 kwa sababu nane ni kubwa kuliko nne, na tusiwalaumu maana ndo wamefundishwa hivyo kwa namba nzima miaka mitatu. Kunja karatasi itoe vipande viwili, vinne, vinane, waone wenyewe kipande kinavyopungua. Na akikuandikia 1/2 + 1/3 = 2/5 usiweke kosa ukaendelea, muulize 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Akigundua ni ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo, na alikuwa anajumlisha, atarudi mwenyewe kuangalia. Pia sehemu zisibaki kwenye chapati na karatasi tu, ziwekwe kwenye mstari wa namba, mtoto aone nusu inakaa kati ya 0 na 1, maana asipoiona kama namba atateseka nayo mpaka sekondari.

Kuna ubishi mmoja unaendelea kila mahali, kukariri au kuelewa. Wengine wanasema teble zikaririwe kama zamani, wengine kukariri ni ushamba. Mi naona tunabishania kitu ambacho hakina pande mbili. Akili ya mtoto inaweza kushika vitu vichache tu kwa wakati mmoja, kama anatafuta 7 mara 8 kwa kuhesabu vidole katikati ya kugawanya kwa njia ndefu, mpaka akipata 56 ameshasahau alikuwa anagawanya nini. Kwa hiyo teble lazima aje kuzijua kwa haraka, hilo halina mjadala kwangu. Ila namna ya kuzifikia ndo muhimu, anza na za 2, 10 na 5, panga vizibo mistari mitatu ya vinne halafu geuza upande aone 3 mara 4 na 4 mara 3 ni kitu kimoja, hapo umepunguza karibu nusu ya kazi. Za 4 ni za 2 zilizorudiwa, za 8 ni za 4 zilizorudiwa, asiyekumbuka 7 mara 8 anaanza 7 mara 4 ni 28, mara mbili yake 56. Mtoto wa namna hii akisahau ana pa kushika, aliyeimba tu akisahau anaanza upya kutoka 7 mara 1.

Na mazoezi nayo yana ufundi wake. Kawaida tunatoa maswali 20 ya kujumlisha, kesho 20 ya kutoa, wote wanapata tunafurahi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walifundisha wanafunzi wa chuo kanuni za ujazo wa maumbo, kundi moja likafanya mazoezi kanuni moja moja kwa mafungu, jingine wakachanganyiwa. Siku ya mazoezi waliofanya kwa mafungu walipata asilimia 89, waliochanganyiwa 60. Wiki moja baadae kwenye mtihani, wale wa mafungu wakapata asilimia 20 na wale wa mchanganyiko 63. Ukijua maswali yote ni ya kutoa huna haja ya kusoma swali, unatoa tu, lakini mtihani haukwambii ni la aina gani. Kwa hiyo kila zoezi liwe na maswali mawili matatu ya mwezi uliopita, hii haihitaji semina wala bajeti.

Tuongelee na ile "Mmeelewa?" "Ndiyooooo!" Sote tunaijua, na haina taarifa yoyote ndani yake. Badala yake uliza swali moja, kila mtu aandike jibu kwenye karatasi au kipande cha boksi anyanyue, au aonyeshe kwa vidole, ndani ya sekunde kumi unaona darasa zima. Na ukiuliza subiri. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alirekodi walimu miaka ya sabini akakuta wanasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mtu mwingine au kujibu wenyewe, walipofundishwa kusubiri angalau sekunde tatu majibu yakawa marefu na watoto waliokuwa kimya wakaanza kuongea. Jibu likiwa limekosewa liandike ubaoni bila kutaja nani kalitoa, uliza huyu aliwaza nini mpaka akapata hivi? Wajapani wamejenga masomo yao mengi hivi, tatizo moja, njia kadhaa za watoto ubaoni, darasa zima linazilinganisha.

Hiyo haiwezekani kama kuna fimbo mezani. Nasema kwa uchungu maana bado ipo, mtoto anachapwa kiboko kwa kila swali alilokosa na wapo wazazi wanaoshangilia. Woga unakula nafasi ile ile ya akili inayotakiwa kufikiri, na mtoto anayeogopa ananakili kwa mwenzake, daftari linakuwa na vema na wewe mwalimu unapoteza habari ya pekee uliyoihitaji, kwamba hajui. Hata maneno yanaumiza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walifuatilia watoto wa darasa la kwanza na la pili wakakuta wale ambao wazazi wao wenyewe wanaogopa hesabu, wakiwasaidia homuweki mara kwa mara, walijifunza hesabu kidogo zaidi katika mwaka. Kwa hiyo mama au baba acha kusema mbele ya mtoto "hata mimi hesabu zilinishinda".

Tukisema kila mtoto tukumbuke na wale ambao tatizo halikuwa hesabu kabisa. Kuna anayekaa nyuma haoni ubao na hajawahi kupimwa macho, kuna asiyesikia vizuri, hawa ukiwahamisha mbele tu mwezi mmoja wanabadilika. Na kuna wachache wenye diskalkulia, ubongo wao unapata shida hasa na wingi na namba, mtoto anasoma vizuri hadithi nzima lakini 6 na 9 ipi kubwa anasita. Huyu anahitaji vitu vya kushika kwa muda mrefu kuliko wenzake na muda zaidi wa mtihani.

Halafu lugha. Mtoto wetu anasoma hisabati kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, akifika kidato cha kwanza anabadilishiwa kila kitu kuwa Kiingereza, na fumbo analoweza kulifanya anashindwa hata kulisoma. Sera ni jambo la wakubwa, lakini mwalimu wa kidato cha kwanza anaweza kuwaacha watoto wajadili kwa Kiswahili kwanza, wafike kwenye jibu, halafu waandike pamoja kwa Kiingereza.

Mzazi naye ana sehemu yake na haihitaji elimu kubwa. Wakati wa korona Botswana shule zilipofungwa wafanyakazi wa shirika moja walipiga simu nyumbani kama dakika 20 kwa wiki, wanaongea na mtoto, mzazi pembeni, swali moja mawili ya hesabu kwa kiwango cha mtoto, pamoja na meseji fupi, na watoto walisogea kuliko wale ambao hawakupigiwa. Simu ya kitochi ilitosha. Nyumbani mwache mtoto ahesabu nauli, apime unga, agawe maandazi, cheza naye bao au karata, na akikosea muulize umepataje kabla hujamwambia sivyo.

Wengi sasa hivi mnalipia tuisheni na mimi siwazuii, ila tuisheni nyingi ni marudio ya somo lile lile la darasani kwa kasi ile ile, mtoto wa darasa la sita ambaye shida yake iko kwenye kutoa kwa kukopa anafundishwa asilimia mara mbili kwa siku, asubuhi shuleni jioni kwa ticha, zote hazipati. Kabla hujatoa hela ya mwezi ujao muulize huyo mwalimu mtoto wangu amekwama wapi hasa. Akikujibu "anajitahidi tu mama, aongeze bidii" jua hajampima. Akikwambia anazidisha vizuri ila hajui thamani ya tarakimu kwenye namba zenye sifuri katikati, wiki hii tunarudi huko na vijiti, huyo mlipe, hata kama mwanao atalalamika kwamba anafundishwa vitu vya darasa la tatu.